Kifafa cha mimba na ratiba ya kliniki

Wakunga wa nyakati zote wamekijua kifafa cha mimba kwa macho: mama amevimba uso na miguu, analalamika kichwa, anaona vimulimuli, kisha anaanguka na kukakamaa. Kukijua kabla hakijafika ndiko kulikowashinda. Historia ya kukitabiri kwa kawaida husimuliwa kama historia ya vyombo: kilianza kipimo cha mkojo, ikafuata mashine ya presha, ikaja utrasaundi, na sasa kuna vipimo vya damu. Mimi naisoma vingine. Kila chombo kiliongeza uwezo wa kuona, lakini kilichoamua kama uwezo huo utamfaa mama ni siku aliyopimwa kwa mara ya kwanza. Siku hiyo, kwa miongo mingi, ilipangwa na ratiba ambayo hakuna aliyekuwa ameijaribu.

Mwaka 1843 daktari John Lever wa hospitali ya Guy's, London, aliona kwamba wazazi wenye kifafa wanafanana mno na wagonjwa wa figo waliokuwa wakitibiwa na Richard Bright katika hospitali hiyohiyo. Akachukua mkojo wao akaupasha moto. Mkojo wa mtu asiyeumwa ukichemka hubaki ulivyo. Wa akina mama hawa uliganda ukawa mweupe, kama ute wa yai kwenye kikaango, kwa wingi wa protini iliyokuwamo. Lever hakuishia hapo, na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Alipima pia wanawake zaidi ya 50 waliokuwa katika uchungu bila kifafa, asikute protini isipokuwa kwa wale waliokwisha kuonyesha dalili zinazokitangulia. Mbegu ya utabiri ilikuwa tayari mkononi mwake. Ila wanawake wote hao aliwakuta wakiwa karibu kujifungua au wakijifungua, kwa kuwa hapakuwa na mahali ambapo mjamzito asiyeumwa angekwenda kupimwa. Kipimo kilikuwepo, mtu wa kupimwa mapema hakuwepo, na hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya nusu karne.

Scipione Riva-Rocci wa Turin alitengeneza mashine ya presha ya kufunga mkononi mwaka 1896, na mwaka uliofuata Vaquez na Nobécourt wa Paris wakaonyesha kwamba kifafa cha mimba huambatana na presha kupanda. Mwaka 1901 John William Ballantyne wa Edinburgh akaandika kudai hospitali ya kuwatunza wanawake wakiwa bado wajawazito. Alianza na kitanda kimoja. Kliniki za wajawazito zilipoenea Uingereza, Wizara ya Afya ya nchi hiyo ilitoa waraka mwaka 1929, daktari Janet Campbell akiwa nyuma yake, uliopanga mahudhurio: la kwanza wiki ya 16, kisha ya 24 na ya 28, halafu kila baada ya wiki mbili hadi ya 36, na baada ya hapo kila wiki. Mimba ikifika wiki 40 hayo ni mahudhurio 11, na manane kati yake yako baada ya wiki ya 28. Mpango huo ulikuwa na mantiki yake, maana presha na protini huonekana mwishoni, na aliyekutwa nazo aliweza kulazwa na kuzalishwa kabla hajaanguka. Wanawake wengi waliokolewa hivyo. Lakini waraka huo, ambao mfano wake ulienea duniani, ulifundisha vizazi vya madaktari na wakunga kwamba miezi minne ya kwanza haina la kuangaliwa.

Ugonjwa wenyewe, hata hivyo, mara nyingi huanzia humo. Katika nusu ya kwanza ya mimba, chembe za kondo huingia kwenye mishipa ya mji wa mimba na kuipanua ili damu ipite kwa wingi. Kwa wengi watakaougua kabla mimba haijakomaa, kazi hiyo haikamiliki. Kondo linakosa damu ya kutosha, nalo huachia vitu vinavyodhuru mishipa ya mama. Kundi la Ananth Karumanchi, Boston, lilitambua mojawapo ya vitu hivyo mwaka 2003, likamdunga panya mwenye mimba, naye akapata presha na protini kwenye mkojo. Mwaka uliofuata ilionekana kwamba kwa wanawake kitu hicho huanza kupanda katika damu wiki kama 5 kabla ya dalili. Linganisha na kipimo kilichopendwa sana miaka ya 1970, alichokianzisha Norman Gant na wenzake huko Dallas: mjamzito wa wiki 28 hadi 32 analazwa ubavu wa kushoto, presha inapimwa mpaka itulie, kisha anageuzwa chali, namba ya chini ikipanda kwa 20, anahesabiwa yuko hatarini. Hakikuhitaji senti. Kiliachwa kwa sababu wengi waliopandisha presha hawakuugua. Lakini hata kingekuwa sahihi kabisa, kingemwambia mama habari wakati kondo limekwisha kujijenga vibaya, na daktari hana la kumpa zaidi ya kumchunga.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko katika kisa cha aspirini. Mwaka 1985 madaktari wa Paris waliwapa wanawake wenye hatari kubwa miligramu 150 kwa siku, pamoja na dawa nyingine, kuanzia mwezi wa tatu. Walikuwa 102 tu, lakini matokeo yalikuwa mazuri. Kisha likaja jaribio kubwa la CLASP, lililotangazwa mwaka 1994, la wanawake 9,364: miligramu 60, kuanzia wakati wowote kati ya wiki ya 12 na ya 32. Ugonjwa ulipungua kwa asilimia 12, kiasi ambacho kingeweza kuwa bahati tu, na wengi wakaifuta aspirini vichwani mwao. Mwaka 2017 jaribio la ASPRE likarudi kwenye wazo la Paris: miligramu 150 kila usiku, wakianza kati ya wiki ya 11 na ya 14, kwa waliochaguliwa kwa historia yao, presha, kipimo cha Doppler cha mwendo wa damu katika mishipa ya mji wa mimba na protini za kondo katika damu. Kifafa cha mimba cha kabla ya wiki ya 37, nikimaanisha pia ile hatua ya presha na protini inayokitangulia, kilishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Kypros Nicolaides wa King's College London alikuwa amedai tangu 2011 kwamba piramidi ya huduma igeuzwe, uchunguzi mzito uwe wiki ya 11 hadi ya 13, wakati ambao kwake wanawake walikuwa wakipigwa utrasaundi ya kutafuta kasoro za kromosomu. Sasa rudi kwenye waraka wa 1929: siku yake ya kwanza inakaribia kuangukia pale dirisha la aspirini linapofungwa.

Msomaji makini atapinga kwamba kati ya CLASP na ASPRE dozi nayo ilibadilika, si tarehe pekee. Ni kweli. Tena uchambuzi mwingine wa 2017, uliokusanya takwimu za majaribio mengi, haukuona tofauti ya wazi kati ya walioanza kabla ya wiki ya 16 na baada yake. Uchambuzi huo, hata hivyo, ulijaa majaribio ya dozi ndogo, na jibu lake halali ni kwamba aliyechelewa asinyimwe dawa. Haumpi mtu sababu ya kuchelewa. Pingamizi la pili ni zito zaidi: vipimo hivi huwatia hofu wengi ambao wasingeugua. Katika ASPRE wote walikuwa wametajwa kuwa na hatari kubwa, lakini hata wasiopewa aspirini, zaidi ya 95 kati ya 100 hawakupata ugonjwa huo kabla ya wiki ya 37. Kwa hiyo neno la kumwambia mama liwe la ukweli: una sababu ya kumeza kidonge cha bei ndogo na kupimwa mara nyingi zaidi, hujaambiwa kwamba utaugua.

Kwetu Afrika Mashariki hoja inayotolewa upesi ni gharama. Doppler na vipimo vya protini za kondo haviko kwenye zahanati, na sitegemei vifike kesho. Lakini jaribio lililotangazwa mwaka 2020, lililofanyika Kenya, Kongo, Zambia, India, Pakistan na Guatemala, liliwapa aspirini ya miligramu 81 wanawake wenye mimba ya kwanza, wakianza kati ya wiki ya 6 na kabla ya ya 14, bila kuwachagua kwa Doppler wala protini za kondo. Kuzaa njiti kulishuka kutoka asilimia 13.1 hadi 11.6 katika wanawake 11,976. Kilichohitajika ni kuwapata mapema, nao walipatikana.

Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulionyesha kwamba kama robo tu ya wajawazito walianza kliniki katika miezi mitatu ya kwanza. Ni rahisi kuwalaumu kwa ujinga, na lawama hiyo naikataa. Mimba changa hufichwa kwa kuogopa husuda na aibu ya kuharibika. Wengine hufika kliniki wakarudishwa nyumbani wakamlete mwenza. Na ratiba ya mahudhurio manne iliyoanza mwaka 2002 yenyewe iliwaambia waje kabla ya wiki ya 16, ile wiki ya Campbell. Shirika la Afya Duniani lilipanga mahudhurio manane mwaka 2016, la kwanza kabla ya wiki 12 kupita. Katika hudhurio hilo muuguzi mwenye mashine ya presha na maswali machache, je, mimba ya kwanza, je, ulipata presha mimba iliyopita, una kisukari au figo, mimba ni pacha, anaweza kuwatambua wengi wanaostahili aspirini. Atakayemkosa bado ana presha na mkojo wa kila hudhurio, na sindano ya magnesiamu, ambayo jaribio la Magpie la 2002 lilithibitisha kwamba hupunguza kifafa kwa zaidi ya nusu. Kama nchi ina shilingi ya kutumia sasa, iende kwanza kumfanya mama wa wiki 10 apokelewe siku anayofika, peke yake, bila kuulizwa mume yuko wapi; mashine za Doppler zifuate baadaye.