Kadenge na Mpira, Hadi Garsen

Wakazi wengi wa Garsen, katika Delta ya Tana, walimjua mwanasoka Joe Kadenge kwa masikio. Wachache waliobahatika kufika Nairobi huenda walimwona akicheza pale uwanja wa Barabara ya Jogoo. Waliobaki, kuanzia Minjila hadi Tarasaa, Ngao na Golbanti, walimpokea kupitia redio, naye akawa wao kama alivyokuwa wa Vihiga alikozaliwa mwaka 1935.

Kenya ilipopata uhuru, Garsen ilikuwa mbali kweli. Barabara ya kutoka Malindi ilikuwa ya udongo, na masika yakikolea, magari yalilala njiani. Daraja lilikuwa halijajengwa. Aliyekuwa akienda Lamu alivuka Mto Tana kwa kivuko, akisubiri zamu yake pamoja na magunia na mbuzi. Kuanzia 1963 hadi 1967 kulikuwa na vita vya shifta, na kusafiri upande ule kukawa jambo la kufikiriwa mara mbili. Gazeti lilipofika, habari zake zilikuwa zimepoa. Televisheni haikuwa hata ya kuota.

Redio ya transista haikungoja kivuko. Nyumba yenye redio siku ya mechi ilikuwa baraza la kijiji kizima, wanaume mkekani, watoto ukutani, waya wa antena umepandishwa juu ya mwembe ili sauti isikatike. Betri zikianza kuchoka, zilitolewa na kuanikwa juani, zikageuzwageuzwa kama dagaa, kisha zikarudishwa zipate nguvu za kumalizia kipindi cha pili. Mwenye betri mpya siku ya fainali alikuwa mtu wa kuheshimiwa.

Sauti iliyotoka humo, mara nyingi, ilikuwa ya Leonard Mambo Mbotela. Huyu alikuwa mtoto wa Pwani, mzaliwa wa Mombasa mwaka 1940, wa ukoo wa Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru. Alijiunga na redio ya taifa, Sauti ya Kenya, mwaka 1964. Kiswahili chake kilikuwa cha kueleweka na Mpokomo shambani na Mworma machungani, na mtindo wake wa kutangaza ulikuwa mwepesi: taja mwenye mpira, taja anakoelekea, pandisha sauti akikaribia lango. Tatizo lake, kama lilikuwa tatizo, ni kwamba kulikuwa na mtu mmoja ambaye mpira ulikuwa haumtoki. Ndipo taifa likapata msemo, "Kadenge na mpira", na kisha tena Kadenge, na bado Kadenge. Watoto waliokuwa wakicheza na mpira wa matambara waliutumia kujitangaza wenyewe huku wakipiga chenga, na watu wazima wakamtupia msemo huo yeyote aliyeshika kila shughuli peke yake.

Kadenge hakutokea jangwani. Kabla yake kulikuwa na Elijah Lidonde, mfungaji wa miaka ya 1950 ambaye wazee wa magharibi mwa Kenya wangali wanamsifu. Kulikuwa pia na Kombe la Gossage, lililoanza mwaka 1926 likiwa kati ya Kenya na Uganda tu, kwa kombe lililotolewa na kampuni ya sabuni. Tanganyika iliingia mwaka 1945 na Zanzibar 1949. Hilo ndilo lililokuwa jukwaa kubwa la mwanasoka wa Afrika Mashariki enzi hizo, na kuifunga Uganda kulitosha kumfanya mtu asitoke midomoni mwa watu mwaka mzima. Kadenge alivaa jezi ya taifa na akawa nahodha wake. Kwa upande wa klabu alichezea Maragoli, kisha Abaluhya, klabu iliyoundwa mwaka 1964 kwa kuunganisha timu ndogondogo za Waluhya, na iliyotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1966 na 1967.

Pwani nayo haikuwa ikisikiliza tu. Mwaka 1965 bingwa wa ligi alikuwa Feisal ya Mombasa, na mashabiki wa huku walikuwa na Ali Kajo wao wa kutia mezani ubishi ulipopamba moto. Ila mwaka huohuo, siku ya Jamhuri, Ghana ilikuja Nairobi ikaifunga Kenya 13 kwa 2. Hakuna mtangazaji duniani awezaye kuipamba siku kama ile.

Kizazi hiki cha sasa kinachosikia bei za wachezaji kila Januari na Agosti ni vigumu kukieleza kwamba watu wale walicheza bila mshahara wa mpira. Mchezaji alikuwa na kazi yake ya mchana, jioni akaenda mazoezini, Jumapili akaichezea timu ya watu wa kwao. Mahali pengine utaratibu huo haujafa. Kule Ireland, mpira wao wa Kigaeli, unaosimamiwa na chama kilichoundwa mwaka 1884, unajaza uwanja wa Dublin wenye nafasi zaidi ya 80,000, na bado nyota wake ni walimu, wakulima na polisi wasiolipwa mshahara wa kucheza, kila mmoja akiichezea parokia na kaunti yake. Mtu hauzwi. Akizeeka anarudi kuwa kocha wa watoto wa palepale, na jina lake linabaki na kazi ya kufanya.

Kwetu kamba hiyo ilikatika. Mwaka 1980 serikali ilipiga marufuku majina ya kikabila katika klabu. Abaluhya ikawa AFC Leopards, Luo Union ikawa Re-Union. Nia ilieleweka, na sina ugomvi nayo. Baada ya mauaji ya mwaka 2012 na mapema 2013 katika Delta ya Tana, yaliyoua zaidi ya watu 100 kati ya wakulima na wafugaji, hata mechi za vijana zilitumiwa kuwakutanisha waliokuwa wakiogopana, na timu ya kabila moja isingefaa kitu pale. Lakini zile timu za kwao zilikuwa pia ndizo zilizomjua mchezaji wao kwa jina la baba yake. Zilipobadilika, hakuna aliyebaki na wajibu wa kumuuliza anakula nini.

Kadenge, baada ya mpira, aliendesha teksi Nairobi. Huenda kulikuwa na abiria waliobishana naye nauli bila kujua wamekaa nyuma ya nani.

Mwaka 2002, akiwa na miaka 67, alikabidhiwa Harambee Stars, timu ya taifa, kama kocha. Ni sehemu fupi ya maisha yake, na kwa maoni yangu ndiyo inayoeleza zaidi. Wengi wa wachezaji aliokuwa akiwafundisha walizaliwa baada ya yeye kutundika viatu. Kocha hana mpira miguuni. Redio haina la kusema juu yake mpaka timu ifungwe. Ile sifa iliyomfikisha hadi mwembe wa Ngao haikuwa na msaada kwenye benchi. Hakudumu. Timu ilikwenda kwa Jacob "Ghost" Mulee, aliyeipeleka fainali za Afrika nchini Tunisia mwaka 2004, ikaifunga Burkina Faso 3 kwa 0, ushindi wa kwanza wa Kenya katika mashindano hayo. Mechi ile watu waliitazama kwenye televisheni.

Joe Kadenge alifariki Nairobi tarehe 7 Julai 2019. Mbotela alimfuata tarehe 7 Februari 2025. Uwanja wa Barabara ya Jogoo, uliobadilishwa majina mara kadhaa tangu enzi za mkoloni, umepewa jina la Kadenge. Makondakta wa matatu bado wanaita City Stadium.