Dirisha la Paundi 500

Katika mwaka wa 1947, Cicely Saunders alikutana na David Tasma katika hospitali moja ya London. Tasma alikuwa Myahudi kutoka Poland, mwenye umri wa miaka 40, akifa kwa saratani mbali na jamaa zake. Cicely alikuwa muuguzi hapo kwanza, lakini maumivu ya mgongo yalimwondoa katika kazi hiyo, akawa mtumishi wa ustawi wa wagonjwa. Wajibu wake ulikuwa kumsaidia mgonjwa katika shida zake. Naye alimzuru mara kwa mara, hata mapenzi yakaota kati yao.

Je, alikosa? Kazi ya uuguzi ina mipaka, na mipaka hiyo ina sababu. Muuguzi aliyezama katika huzuni ya mgonjwa mmoja aweza kumsahau wa kitanda cha pili. Na mgonjwa hapaswi kubebeshwa majonzi ya amwuguzaye. Lakini moyo mgumu nao ni kosa. Siku zile madaktari wengi walimpita mtu aliyekaribia kufa, kwa kuwa hawakuwa na dawa ya kumponya.

Tasma alifariki Februari 1948. Alimwachia Cicely paundi 500 ziwe dirisha katika nyumba waliyoiwaza pamoja, nyumba ya kuwatunza wasioweza kupona. Cicely aliomboleza, kisha akajifunza. Alijitolea katika hospitali ya St Luke's, akaona huko dawa ikitolewa kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi. Akasomea udaktari, akafuzu mwaka wa 1957. Mwaka wa 1960 alifiwa tena na mgonjwa aliyempenda, na huzuni ilimlemea sana. Hata hivyo hakuwaacha wagonjwa waliobaki. Mwaka wa 1967 nyumba ya St Christopher's ilifunguliwa London, na dirisha la Tasma limo. Kazi ya namna hiyo ilifika kwetu Kenya pia, Nairobi Hospice ilipoanzishwa mwaka wa 1990.

Basi tusipime upendo wa muuguzi kwa machozi yake. Tuupime kwa hali ya mgonjwa afuataye: je, atapata dawa kwa wakati, na mtu wa kumsikiliza? Mpaka mwema haufanani na ukuta. Wafanana na dirisha, lipitishalo nuru na kuizuia mvua.