Nguvu Iliyomo, Nguvu Iliyotoka

Miaka yote niliyofundisha sayansikimu Masasi, somo la nguvu ya chakula nililianzia kwenye mlo ambao kila mwanafunzi alikuwa ameula jana yake: ugali wa muhogo kwa kisamvu kilichoungwa karanga. Tulipima unga kwa mizani ya jikoni, tukaupima tena kwa kisado ili watoto wajue kile kinachouzwa sokoni kina uzito gani, kisha tukazidisha. Unga mkavu wa muhogo, gramu 100, unakaribia kalori 340. Muhogo mbichi ni 160 tu, kwa kuwa zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Karanga ni 567. Korosho, ambayo kwetu ni pesa kabla haijawa chakula, ni 553.

Siku hizi vijana wananiletea maswali mengine. Binti wa kaka yangu, anayefanya kazi Dar es Salaam, aliniuliza kwa simu: "Shangazi, piza moja ina kalori ngapi?" Nikamwambia asihangaike na ukubwa wa duara, aulize kilichotiwa ndani. Unga wa ngano gramu 250 ni kama kalori 910. Jibini gramu 150, tuseme 420. Vijiko viwili vikubwa vya mafuta, 240. Nyanya hazifiki 30. Jumla ni 1,600, na vijiko viwili vya mafuta vimezipita nyanya zote mara nane. Ndivyo tulivyohesabu kisamvu, na ndivyo chakula chochote kinavyohesabiwa.

Hesabu hii ina mwanzo wake. Mwishoni mwa karne ya 19 mkemia Mmarekani, Wilbur Olin Atwater, wa chuo cha Wesleyan katika jimbo la Connecticut, alikuwa akichoma vyakula ndani ya chombo cha chuma kilichozamishwa majini na kupima joto lililotoka. Kutokana na kazi yake tukapata kanuni tunayoitumia hadi leo: gramu ya wanga kalori nne, gramu ya protini nne, gramu ya mafuta tisa. Lakini Atwater hakuishia kwenye chombo cha chuma. Alijenga na chumba kilichofungwa pande zote, akamweka mtu humo siku kadhaa, akila, akilala, akiendesha baiskeli isiyokwenda popote, huku joto la mwili wake likipimwa. Kwa hiyo elimu hii ilizaliwa na safu mbili, ya nguvu inayoingia na ya nguvu inayotoka. Majedwali yaliyotufikia huku kusini yalikuja na safu moja.

Safu ya pili ndiyo historia ya Newala.

Uwanda wa Makonde, ambako Newala ipo, umesimama juu ya bonde la Ruvuma na mchanga wake hautunzi maji. Mvua inanyesha, inazama, chemchemi zinatokea chini kwenye mabonde. Wazee wetu walikaa juu hata hivyo. Katika karne ya 19, misafara ya watumwa ilipokuwa ikipita kuelekea pwani na vikosi vya Wangoni vikishuka kutoka magharibi, kichaka kikavu cha uwandani kilikuwa ngome. Masasi, kule tambarare chini ya milima yake ya mawe, haikuwa na kinga hiyo: kituo walichokianzisha wamisionari wa UMCA mwaka 1876 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru kilivamiwa na Magwangwara, yaani Wangoni haohao, mwaka 1882. Aliyekaa Newala alikuwa salama zaidi, na gharama ya usalama wake ililipwa na wanawake kwa miguu.

Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alizunguka Masasi na Newala mwaka 1906 na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1908. Naye aliona jinsi Wamakonde wanavyojenga mbali na maji. Alifika wakati mbaya. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimelipuka mwaka uliotangulia, misheni ya Masasi ilikuwa imechomwa, na majeshi ya Wajerumani yalikuwa yakiteketeza mashamba na maghala ya kusini ili njaa imalize kilichoshindwa na risasi. Mtawala aliyeamuru hivyo alijua vizuri nguvu ya chakula, ingawa hakuandika kalori mahali popote.

Sasa nipige hesabu ambayo jedwali halikutupa. Mama wa kilo 55 anapanda kutoka bondeni na debe la maji la lita 20 kichwani. Misuli ya binadamu hugeuza kuwa kazi karibu robo tu ya nguvu inayotumia, iliyobaki inatoka kama joto. Kwa kila mita 100 za kimo anazopanda, mama huyu anatumia kalori kati ya 70 na 90. Hiyo ni konzi ya unga wa muhogo, gramu 20 na ushei, kwa mita 100 tu za kupanda, bado hatujahesabu mwendo wa tambarare wala safari ya kushuka. Nao mteremko wa Newala si wa mita 100. Ndipo nikawaambia wanafunzi wangu kwamba ugali wa Newala na ugali wa Mtwara mjini, hata kama unga umetoka gunia moja, haumwachii mpishi nguvu sawa.

Serikali ya Waingereza iliujua mzigo huu, na katika miaka ya 1950 Shirika la Maji la Makonde lilianza kupandisha maji uwandani kwa mashine. Wafini wakaja baadaye na mradi wa maji wa Mtwara na Lindi, kuanzia 1972 hadi 1993. Kwangu mimi hiyo ni miradi ya lishe, hata kama haikuandikwa kwenye faili la lishe. Bomba likifika karibu, mama anabaki na kalori mia kadhaa kwa siku bila kuongeza hata punje moja kwenye chungu.

Kuhusu chakula chenyewe, wakoloni walianza kuhesabu kwa bidii miaka ya 1930. Mwaka 1939 kamati ya lishe katika makoloni ilitoa ripoti yake London, na wakati huohuo Benjamin Platt alikuwa akipima milo ya vijiji vya Nyasaland, Malawi ya leo, ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Majedwali yake ya vyakula vya nchi za joto yalitoka mwaka 1945. Huku vijijini, amri za serikali zilimtaka mkulima apande zao la akiba ya njaa, na zao hilo mara nyingi lilikuwa muhogo. Kwa hesabu ya safu moja muhogo hauna mpinzani: unavumilia mchanga na ukame, unakaa ardhini ukisubiri, na unatoa wanga mwingi kwa jembe dogo. Mtama, uliokuwa chakula kikuu cha babu zetu, ukazidi kurudi nyuma.

Kalori kubwa zaidi zilizowahi kuhesabiwa katika ardhi ya jirani zetu hazikuwa zetu kabisa. Mwaka 1946 Waingereza, wakiwa bado wanagawiwa mafuta ya kula kwa kadi baada ya vita, walituma watu kuangalia kama karanga za Tanganyika zingejaza upungufu ule. Mpango wa Karanga uliolenga zaidi ya ekari milioni tatu ukaanzishwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, kaskazini ya Masasi. Kwa ajili yake ikajengwa bandari ya Mtwara na reli hadi Nachingwea. Mwaka 1951 ukaachwa, pauni zaidi ya milioni 30 zikiwa zimepotea. Inanisikitisha nikifikiri kwamba mitambo yote ile ilihesabu mafuta ya mkate wa London, ilhali mama wa Masasi alikuwa analima karanga hizohizo kwa jembe la mkono na kuzisaga kinuni kwa ajili ya kisamvu, na mavuno yake hayakufa mwaka 1951.

Baada ya uhuru tulihesabu wenyewe. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973. Mwaka 1975 ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai, watu zaidi ya milioni moja wakikaa kwenye vikundi kando ya redio, wakijifunza vyakula vya kujenga mwili, vya kulinda mwili na vya kutia nguvu. Nilikuwa msichana. Naiheshimu kampeni ile kuliko nyingi zilizofuata, kwa sababu watu walizungumza. Hawakupewa karatasi tu.

Nimefika mwaka 1988, na hapa sitaki kupita haraka.

Mwaka huo ukame uliibana wilaya ya Masasi. Shambani ulikuwa umebaki muhogo, hasa ule mchungu, ambao watu wanaupenda kwa sababu nguruwe pori na wezi hawausumbui. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi iliyofungwa ndani ya nyama yake, na wanawake wa kusini wamejua tangu zamani namna ya kuitoa. Unamenya, unaanika makopa juani, unaacha wiki baada ya wiki hadi yakauke kabisa, ndipo unatwanga. Njia hiyo inahitaji kitu kimoja ambacho ghala tupu haliwezi kukupa, yaani kusubiri. Mama mwenye watoto walioshinda na njaa hawezi kungoja wiki tatu wakati mihogo iko mkononi. Kwa hiyo watu wakafanya chinyanya: muhogo mbichi unatwangwa, unaanikwa saa chache, unatwangwa tena, unaanikwa tena, na jioni ileile unasongwa ugali.

Watu wakaanza kuumwa baada ya kula. Kizunguzungu, kutapika, mwili kuishiwa nguvu. Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe alilichunguza tukio hilo pamoja na wenzake, akiwemo Hans Rosling, daktari Mswidi. Rosling alikuwa amewahi kufanya kazi Nacala, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, na mwaka 1981 alishuhudia katika mkoa wa Nampula watu zaidi ya 1,000 wakipooza miguu baada ya ukame na milo ya muhogo uliotayarishwa kwa haraka. Ugonjwa huo, konzo, huja ghafla na miguu hairudi kuwa kama ilivyokuwa. Wamakua wako kando zote mbili za mto, wana muhogo uleule na kinu kilekile. Walichokuta Mlingi na wenzake Masasi ni kwamba njia ya mkato ilikuwa imeacha sumu ndani ya unga. Kutwanga kunaivunja nyama ya muhogo na kuifungulia sumu, lakini sumu iliyofunguliwa inahitaji muda iondoke hewani, na muda ndio uliokuwa umekatwa.

Chukua sasa jedwali langu la darasani. Gramu 100 za unga wa makopa: 340. Gramu 100 za unga wa chinyanya uliokauka sawasawa: 340. Hakuna tofauti hata ya kalori moja. Jedwali lingeziona familia zote mbili zimeshiba. Na mwili ukitaka kuivunja sayanidi unatumia chembe za protini zenye salfa, ambazo muhogo hauna za kutosha. Ndiyo maana kikombe cha kunde au njugu mawe kando ya ugali kina kazi ambayo safu ya nguvu haiionyeshi. Wanawake wale wa Masasi hawakukosa elimu. Walijua njia ndefu kuliko mtaalamu yeyote. Njaa iliwapokonya wiki tatu za jua, na hakuna mtu aliyekuwa ameziandika wiki hizo kama sehemu ya chakula.

Mlingi huyohuyo ni mmoja wa waandishi wa majedwali ya vyakula vya Tanzania yaliyotoka mwaka 2008, yaliyoongozwa na Zohra Lukmanji, kwa ushirikiano wa Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na chuo cha Harvard. Niliyapokea kwa furaha, maana mwishowe tulikuwa na kitabu kinachojua vyakula vyetu. Lakini darasani niliendelea kuchora mstari ubaoni na kuweka safu ya pili kwa mkono: maji yametoka wapi, kuni zimetoka wapi, imesubiriwa siku ngapi. Ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa na kuuzwa kwa mafungu Newala, ikawa mfano wangu mzuri. Ni mitamu na inashibisha, ila anayeichimba kwenye ardhi ngumu anakuwa amekula sehemu yake mapema kabla haijaiva.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo ilionekana mkoani Mtwara na kule Mbinga. Mlingi alirudi kusini pamoja na wenzake, na safari hii walikuja na njia iliyobuniwa na Howard Bradbury wa chuo kikuu cha taifa cha Australia. Ni nyepesi kuieleza. Weka unga bakulini, tia alama ndani ya bakuli pale unga unapofika. Ongeza maji huku ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda, na ukifika tena kwenye alama acha. Utandaze kwenye mkeka au sinia, mwembamba, usizidi sentimita moja. Uache saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu inatoka. Usonge ugali siku hiyohiyo. Kalori zinabaki zilezile, na saa mbili ni muda ambao hata mama mwenye njaa anaweza kuupata.

Nilipoionyesha njia hii Newala, mama mmoja wa makamo alitazama bakuli na kuniuliza kitu ambacho hakikuwamo kwenye maelezo niliyopewa: "Mwalimu, na haya maji yanamwagwa?" Nikamwambia hapana, kidogo yanakauka juani, yaliyobaki yanaingia sufuriani pamoja na unga, nawe unapunguza ya kusongea. Akaliinua bakuli, akapima kwa jicho, akasema kama ni hivyo ataweza.