Reli ya Wau si chuma chakavu

Juba haijawahi kuwa na reli. Sisi tumekua tukijua boti za mtoni na malori ya Nimule tu. Lakini jirani yetu mmoja, mama anayeuza chai, alirudi nchini kwa treni. Alipanda Khartoum mwaka 2011 na watoto watatu, kitanda cha chuma na mlango wa nyumba yake ya zamani, akashuka Wau. Juzi tulimwambia kwamba treni haiji tena. Akanyamaza, kisha akasema: "Karatasi zangu zote zilipotea. Stesheni ile ndiyo cheti changu."

Neno hilo limetufanya tuandike.

Reli hiyo inatoka Babanusa, inapita Aweil, inaishia Wau. Ni karibu kilomita 445. Waingereza walitawala miaka zaidi ya 50 bila kuileta huku kusini. Ilifika Wau mwaka 1962, Sudan ikiwa tayari huru. Kati ya miji kuna stesheni ndogo za vijijini, kama Ariath kaskazini mwa Aweil. Kwa kijiji, stesheni ilikuwa soko, posta na mlango wa dunia. Sukari ilishuka hapo, vijana wakapanda kwenda kutafuta kazi kaskazini.

Halafu vita ikaja, na reli ikabadilika. Machi 1987 kule Ed Da'ein, Darfur, kwenye njia ya reli ya Nyala, Wadinka waliokimbia vita waliingizwa kwenye mabehewa ili wasafirishwe wakawe salama. Mabehewa yakachomwa moto na watu ndani. Walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Khartoum, Ushari Ahmad Mahmud na Suleyman Ali Baldo, walichunguza wakaandika kwamba waliouawa ni zaidi ya 1,000. Miaka iliyofuata, treni za jeshi za kwenda Wau zilisindikizwa na wanamgambo wa farasi. Walichoma vijiji vya kandokando ya reli, wakaiba ng'ombe, wakateka wanawake na watoto. Na bado, mwaka 1989, reli hiyohiyo ilibeba chakula cha msaada hadi Aweil. Baada ya amani ya 2005 ikatengenezwa, ikawarudisha watu nyumbani kama mama yetu.

Mnaona? Reli moja, kazi tatu: kuteka, kulisha, kurudisha. Ndiyo maana wengine wanasema ing'olewe tu, ina damu. Tunawaelewa, lakini hatukubaliani nao. Ukiondoa mahali, anayekataa kwamba mambo yalitokea anapata nguvu. Mahali ni shahidi asiyekimbia.

Watu wanadhani akiolojia ni piramidi tu. Hapana. Angalia ubavu wa chuma cha reli: mara nyingi kiwanda kimeandika jina lake na mwaka. Angalia tuta: linaonyesha mafuriko yalikuwa yanafika wapi. Tundu la risasi ukutani linaonyesha aliyepiga alisimama upande gani. Ila lazima kitu kibaki pale kilipo. Taruma likiwa chini ya reli linasimulia. Likiwa kwenye mizani ya mnunuzi wa skrapu ni kilo tu.

Tuliosoma Kenya tunajua Jumba la Makumbusho la Reli la Nairobi, lililofunguliwa 1971. Hadi leo lina behewa ambalo simba alimtoa Charles Ryall pale Kima mwaka 1900. Jamani, behewa la mtu mmoja aliyeliwa na simba limetunzwa zaidi ya miaka 100. Watu wetu wa Ed Da'ein na Ariath je?

Mwaka 2012 viongozi walizindua mradi wa Lamu, na reli ya kufika Juba imo kwenye mpango. Ikija siku moja, tutaifurahia. Lakini reli mpya isizike ya zamani.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kijana mwenye simu, mrekodi mzee wako kwa lugha yake: alipanda wapi, alibeba nini, nani hakufika. Ukipita stesheni ya zamani, piga picha, usichukue hata msumari. Na kama palikuwa na vita, usitoke kwenye njia inayotumika, mabomu ya ardhini hayajui kwamba amani imekuja. Na ndugu wa mashirika, kabla ya kusafisha kiwanja cha stesheni mjenge ghala, kaeni kwanza na wazee wa pale.

Sisi tumeshaanza na mama wa chai. Kitanda chake cha chuma bado anakilalia. Mlango ndio huo anaoufunga kila jioni.