Mshale wa mti: Silaha ya Wahadzabe kwa wanyama wadogo

Kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanaume wa kabila la Wahadzabe hadi leo huwinda kwa upinde na mishale wanayoitengeneza wenyewe. Wahadzabe wanakadiriwa kuwa kati ya watu 1,000 na 1,300. Lugha yao, yenye sauti za vidoko, haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote.

Kila windo na mshale wake

Mhadzabe haendi porini na aina moja tu ya mshale. Kwa twiga, pundamilia na wanyama wengine wakubwa hutumia mishale yenye vigumba vya chuma, ambavyo aghalabu hufuliwa kutokana na misumari. Vigumba hivyo hupakwa sumu ya mimea, ikiwemo utomvu wa waridi la jangwani uliochemshwa hadi ukawa mzito na mweusi. Sumu hiyo hushambulia moyo wa mnyama.

Kwa ndege, pimbi, kanga na sungura hutumika mshale wa mti mtupu uliochongwa ncha, usio na chuma wala sumu. Kwa kuwa hakuna sumu ya kumdhoofisha mnyama aliyejeruhiwa, mwindaji hana budi kunyemelea hadi karibu sana na kulenga barabara.

Kutengeneza mshale

Kijiti hubanduliwa gome, hupashwa moto, kisha hunyooshwa kwa mikono na meno. Nyuma yake hufungwa manyoya ya ndege kwa nyuzi za kano za wanyama ili mshale usiyumbe hewani. Ugwe wa upinde nao hutokana na kano.

Mtoto wa kiume hupewa upinde mdogo kabla hata ya kufikia umri wa kuanza shule. Huanza kwa kulenga ndege na panya karibu na kambi, na kwa njia hiyo hujifunza nyayo, upepo na tabia za wanyama.

Ardhi inapopungua

Wanyama wakubwa wamepungua katika eneo hilo kadiri wakulima na wafugaji walivyozidi kuingia, miti ikakatwa na visima vya maji vikatumiwa na mifugo. Kwa familia zinazotegemea pori, pimbi na ndege wamezidi kuwa na umuhimu, pamoja na mizizi, matunda na asali.

Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, walipewa hatimiliki ya kimila ya pamoja kwa eneo la zaidi ya hekta 20,000. Hati hiyo huwapa nguvu ya kisheria ya kuzuia kilimo na makazi mapya ndani ya mipaka yao. Upinde waweza kuchongwa upya kwa siku chache, lakini pori likishafyekwa, ujuzi huo hukosa mahali pa kutumika.