Chupa ya Dawa Jikoni kwa Shemasi

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 1 Juni 1902, mzee Harsent alikwenda kumpelekea binti yake nguo zilizofuliwa. Binti huyo, Rose, alikuwa mtumishi wa ndani katika Providence House, nyumba ya Shemasi Crisp na mkewe katika kijiji cha Peasenhall, jimbo la Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Mzee aliingia kwa mlango wa nyuma. Akamkuta mwanawe sakafuni jikoni, chini ya ngazi nyembamba iendayo chumbani kwake, koo limekatwa na gauni la kulalia limeungua. Kando yake palikuwa na taa iliyovunjika, gazeti, na vigae vya chupa ndogo ya dawa iliyonuka mafuta ya taa. Rose alikuwa na mimba ya miezi 6.

Lebo ya chupa ilikuwa bado inasomeka. Ilisema dawa ile ni ya watoto wa Bi Gardiner.

Peasenhall ni kijiji cha barabara moja kuu, na kijito kinapita kando yake. Riziki ya wengi ilitoka kwenye karakana ya Smyth, iliyokuwa ikiunda mashine za kupandia mbegu tangu mwaka 1800. William Gardiner alikuwa msimamizi wa maseremala hapo, mtu wa kuaminiwa kiasi kwamba kampuni ilimtuma Paris kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 1900. Alikuwa baba wa watoto 6, na tena mzee wa kanisa la Kimethodisti na kiongozi wa kwaya. Rose alikuwa mwanakwaya wake.

Maneno yalianza mwaka mmoja kabla. Vijana wawili walisema wamejificha nje ya kanisa dogo lililoezekwa kwa nyasi, ambalo Rose alikuwa akilifagia, wakamsikia akiwa ndani na Gardiner, na waliyoyasikia hayakuwa ya ibada. Kanisa la Kimethodisti lilichunguza, likasikiliza, likaona hakuna ushahidi wa kutosha. Gardiner akaendelea kuongoza kwaya. Lakini kijijini neno likishatoka halirudi. Alipokufa Rose, kila mtu alikuwa na jina tayari mdomoni, na tarehe 3 Juni Gardiner alikamatwa.

Nimeusoma ushahidi wa kesi hii mara nyingi, na kila mara narudi kwenye ile chupa. Unaweza kudhani lebo yenye jina la familia ya mshtakiwa imemaliza kesi. Mkewe, Georgianna, alieleza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyempa Rose chupa hiyo, ikiwa na mafuta ya kafuri, hii tunayoiita karafuumaiti, ili ajichue akiwa na mafua. Nani asiyemwelewa mama huyu? Chupa ikiisha dawa huoshwa, hutiwa kitu kingine, hupelekwa kwa jirani, na jirani haombwi aibandue lebo.

Vitu vingine vilikuwa hivyo hivyo. Kulikuwa na barua isiyo na sahihi ikimtaka Rose aweke mwanga dirishani saa 4 usiku, kisha mwandishi angekuja saa 6. Bahasha yake ilifanana na zile za ofisi ya Smyth, lakini karakana ile ilikuwa na wafanyakazi wengi. Dirisha la Rose lilionekana kutoka kwa Gardiner, lakini lilionekana pia na yeyote aliyesimama barabarani. Mtaalamu mmoja wa mwandiko aliapa kwamba mkono ni wa Gardiner, mwingine akakataa. Mlinzi wa wanyama wa mawindo aliona alfajiri nyayo za viatu vya mpira kati ya nyumba ya Gardiner na ile ya Crisp. Gardiner alikuwa na viatu vya namna hiyo, ila havikukutwa na damu. Kisu chake kilikuwa na dalili za damu. Akasema alichinjia sungura.

Usiku ule mvua ya radi ilinyesha vibaya. Georgianna alisema walikwenda kukaa na jirani mzee aliyeogopa ngurumo, kisha wakarudi kulala, na mumewe hakutoka. Katikati ya radi hizo, Bi Crisp alisikia ukelele na kishindo. Alitaka kushuka. Mumewe akamkataza. Ngazi ile moja tu isiyoshukwa ndiyo inayoniuma kuliko yote katika habari hii.

Kesi ilisikilizwa Ipswich Novemba 1902. Upande wa mashtaka uliongozwa na Henry Fielding Dickens, mwana wa mwandishi Charles Dickens. Utetezi ulikuwa wa Ernest Wild. Juri ya watu 12 ilitakiwa kukubaliana kwa kauli moja. Watu 11 walisema ana hatia, mmoja akakataa, na huyo mmoja ndiye aliyemwokoa Gardiner na kitanzi. Januari 1903 wakarudia na juri mpya, nayo ikashindwa kuafikiana. Inasimuliwa kwamba safari hii wengi walikuwa upande wake. Serikali ikaiacha kesi. Gardiner akafunguliwa bila kutangazwa kuwa ana hatia wala hana, akahama kijiji na familia yake. Alifariki mwaka 1941.

Hakuna mwingine aliyeshtakiwa. Karakana ya Smyth ilifungwa katika miaka ya 1960. Nyumba ya shemasi bado imesimama, inatazama barabara, na dirisha la juu lipo palepale.