Athens ilipomtoza mtunzi faini kwa kuwaliza watu

Mwaka 2029 itatimia miaka 2,500 tangu tanzia ya Aeschylus, Waajemi, ichezwe Athens mwaka 472 KK. Ndiyo tamthilia kongwe kuliko zote za Kigiriki zilizotufikia nzima. Sifa zake ni za haki, ila asisahauliwe Phrynichus, aliyemtangulia na kuadhibiwa na mji huohuo.

Tamthilia kwa Waathens ilikuwa shughuli ya umma. Kila masika, katika sikukuu ya mungu Dionysus, watunzi watatu wa tanzia walishindana chini ya kilima cha Akropolis. Serikali iliteua matajiri wa kugharimia korasi, na wanaume waliovaa barakoa walicheza hata nafasi za wanawake.

Mwaka 494 KK Waajemi waliuteka Miletus, mji wa Wagiriki ng'ambo ya bahari. Awali, Wagiriki wa huko walipowaasi Waajemi, Athens iliwapelekea merikebu 20, kisha ikajitoa vitani. Muda si mrefu baada ya mji kutekwa, Phrynichus akayaleta maangamizi ya Miletus jukwaani. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba watazamaji waliangua kilio. Mtunzi akatozwa faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha misiba yao wenyewe, na mchezo ukapigwa marufuku usichezwe tena na yeyote. Baadaye katika karne hiyo, drakma moja ilikuwa ujira wa fundi kwa siku.

Naamini kilio kile kilichanganyika na aibu: ndugu waliomba msaada, wakaachwa njiani.

Aeschylus, aliyepigana na Waajemi katika vita vya Marathon, alishika njia nyingine. Kilio alikihamishia Susa, mji wa adui: mama yake mfalme Xerxes anapokea habari za jeshi lililoangamia katika vita vya Salamis, kisha mwanawe anarejea na mavazi yaliyoraruka. Kijana Pericles, kiongozi wa baadaye wa Athens, aligharimia korasi. Tuzo ya kwanza ikaenda kwa Aeschylus.

Watunzi Sophocles na Euripides wakafuata, na karne ya nne KK kiongozi wa Athens, Lycurgus, akakamilisha ukumbi wa maonyesho wa mawe. Kiswahili kilimpokea Sophocles mwaka 1971, Samuel Mushi alipotafsiri Mfalme Edipode.

Mchezo wa Phrynichus umepotea. Hata hivyo, maadhimisho yanayokuja yamtaje kwa heshima. Serikali inayolipia sanaa ili isifiwe tu inajinunulia ngoma ya sherehe; Athens ililipia jukwaa lililoweza kuisuta, na siku ilipoogopa kusutwa ndipo ilipojivunjia heshima.